Chatu wa kifalme: Namna ya kumzoesha nyoka mchanga kula panya wa kugandishwa badala ya panya hai

Chatu wa kifalme, nyoka mfupi asiye na sumu ambaye makazi yake ya asili yanaanzia Senegal na kufika kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa kwa wingi zaidi majumbani duniani. Wafugaji wake wengi wapo Ulaya na Amerika Kaskazini. Tatizo linalowasumbua wengi wao ni moja: nyoka mchanga aliyezoea kulishwa panya hai humkataa panya aliyegandishwa kisha akayeyushwa.

Kukataa huko huwatia wafugaji hofu. Baadhi hurudi haraka kwenye panya hai, wengine hujaribu kumlisha nyoka kwa nguvu. Njia zote mbili zaweza kumdhuru mnyama. Ilhali nyoka hahitaji windo lenye uhai. Anachohitaji ni dalili za uhai, yaani harufu, joto na mwendo. Mfugaji anayezielewa dalili hizo tatu na kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kwa kawaida hufanikiwa.

Chatu huyu ni yupi?

Msomaji wa Afrika Mashariki asikiapo neno chatu humfikiria yule mkubwa wa Afrika, mwenye urefu unaoweza kupita mita nne na uwezo wa kummeza swala. Chatu wa kifalme ni wa jamii hiyohiyo, lakini ni mdogo kwa mbali. Jina lake la kisayansi ni Python regius, na alielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1802. Dume huwa na urefu wa takriban mita moja. Jike huweza kufikia mita moja na nusu. Akitishwa, hujikunja kama mpira na kukificha kichwa katikati.

Huishi katika nyika na maeneo ya nyasi, na mchana hujificha ndani ya mashimo ya wanyama wadogo na vichuguu vya mchwa. Hutoka kuwinda jioni na usiku. Katika mji wa Ouidah nchini Benin nyoka hawa huheshimiwa kama viumbe vitakatifu na wana hekalu lao. Wengi wa jamii ya Waigbo kusini-mashariki mwa Nigeria nao wanauona kuwa mwiko kumuua.

Nchi za Togo, Benin na Ghana zimekuwa wauzaji wakuu wa chatu hawa nje ya bara la Afrika. Majike wenye mimba hukamatwa porini, mayai huanguliwa chini ya uangalizi, na wachanga husafirishwa. Biashara hiyo inasimamiwa chini ya Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, na Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, umemweka chatu huyu katika kundi la viumbe wanaokaribia kuwa hatarini. Wengine wengi sasa huzalishwa na wafugaji huko huko Marekani na Ulaya.

Asili hiyo ina uzito katika suala la chakula. Nyoka aliyeanguliwa kwa mfugaji huenda alikwisha kuzoeshwa panya wa kugandishwa tangu mlo wa kwanza. Aliyesafirishwa kutoka Afrika Magharibi mara nyingi huwasili akiwa amechoka, pengine ana vimelea, na hukubali chakula kwa shida zaidi. Kwa hiyo kabla ya kununua, mnunuzi hana budi kumwuliza muuzaji mambo matatu: nyoka amekula mara ngapi, amekula panya wa aina gani, na alipewa akiwa hai au amekufa.

Hatari ya kumlisha panya hai

Panya si mnyama asiyeweza kujitetea. Ana meno makali, na akikamatwa vibaya hugeuka na kuuma. Nyoka wengi wamepata majeraha ya macho, mdomo na mgongo kwa sababu ya panya waliowekwa nao katika kasha moja. Hatari huwa kubwa zaidi pale panya anapoachwa humo usiku kucha na nyoka asiye na njaa. Panya mwenye njaa anaweza kumtafuna nyoka aliyetulia, na jeraha hilo likaingia usaha na kumuua.

Jambo la pili ni ustawi wa panya mwenyewe. Kufungiwa katika kasha pamoja na mwindaji, bila pa kukimbilia, ni mateso. Porini panya ana nafasi ya kutoroka. Ndani ya kasha hana. Nchini Uingereza, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 haikutaja waziwazi marufuku ya kulisha windo hai, lakini mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo aliye mikononi mwa binadamu analindwa dhidi ya mateso yasiyo ya lazima, na panya ni mmoja wao.

Tatu ni gharama na urahisi. Panya hai anahitaji kutunzwa, kulishwa na kusafishiwa. Panya wa kugandishwa hukaa katika friza kwa miezi kadhaa, na mfugaji huchagua ukubwa anaoutaka. Kugandisha pia hupunguza vimelea, ingawa hakuui bakteria wote.

Wapo wanaodai kuwa kumpa nyoka windo lililokufa ni kwenda kinyume na maumbile. Hoja hiyo haina nguvu. Wanasayansi wamerekodi aina nyingi za nyoka wakila mizoga porini. Windo lililokufa si jambo geni kwa nyoka. Geni ni windo lililo baridi, lisilonukia na lisilosogea.

Nyoka hutambuaje chakula?

Chatu wa kifalme haoni vizuri kama binadamu, lakini ana vyombo vingine vya kumwongoza. Ulimi wake hukusanya chembechembe za harufu hewani na kuzipeleka kwenye kiungo cha Jacobson kilichomo katika kaakaa. Kwa harufu hiyo hutofautisha panya na kitu kingine, na hata aina moja ya panya na nyingine.

Kando ya mdomo wa juu ana vishimo vidogo vinavyohisi joto. Kwa vishimo hivyo humtambua gizani mnyama mwenye damu ya moto, na hujua aelekeze wapi shambulio lake. Mwendo wa windo ndio humchochea arushe kichwa na kukamata. Akishakamata hujiviringisha na kubana. Hufanya hivyo hata kama windo limekufa, mradi dalili nyingine zimetimia.

Ndiyo sababu panya aliyetolewa katika friji na kuwekwa sakafuni mwa kasha hupuuzwa. Kwa macho ya mfugaji ni chakula. Kwa nyoka ni kitu baridi kisicho na maana.

Kwanza tazama makazi

Mara nyingi nyoka anayekataa chakula hakatai panya, bali anaonyesha kwamba hana utulivu. Kabla ya kubadili chochote katika chakula, mfugaji ahakikishe mambo yafuatayo:

- Joto: upande wa moto wa kasha uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa baridi nyuzi 25 hadi 27. Joto lipimwe kwa kipimajoto, si kwa kukisia kwa mkono. Nyoka asiye na joto la kutosha hawezi kumeng'enya chakula.

- Maficho: yawepo walau mawili, moja kila upande, madogo kiasi cha nyoka kugusa kuta zake anapojikunja. Kasha kubwa lililo tupu humtia hofu nyoka mchanga.

- Unyevunyevu: kiwango cha asilimia 55 hadi 70 kinafaa, pamoja na bakuli la maji safi wakati wote.

- Utulivu: nyoka aliyehamishiwa nyumba mpya aachwe siku 5 hadi 7 bila kushikwa wala kupewa chakula.

- Uzito: apimwe kwa mzani mdogo wa jikoni uliotengwa kwa kazi hiyo, na kipimo kiandikwe kila wiki. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha baadaye kama kukataa chakula ni jambo la kawaida au ni hatari.

Nyoka aliyeanguliwa karibuni huwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, na kwa kawaida hali chochote mpaka ajivue gamba mara ya kwanza, yapata wiki moja au mbili baada ya kutoka katika yai. Vilevile nyoka wa umri wowote anaweza kukataa chakula anapokaribia kujivua gamba, wakati macho yake yanapoonekana kuwa na ukungu. Katika vipindi hivyo hakuna sababu ya kuwa na wasiwasi.

Hatua za kumhamisha

Kanuni kuu ni kutobadili mambo mawili kwa pamoja. Nyoka aliyezoea panya wadogo hai asipewe ghafla panya wakubwa waliogandishwa, kwani atakutana na harufu mpya na hali mpya kwa wakati mmoja. Aanze na aina ileile ya panya aliyoizoea.

Hatua ya kwanza ni kumthibitisha nyoka. Ikiwa amekula milo mitatu au minne mfululizo bila kusita na bila kutapika, yuko tayari kuanza. Akiwa bado anasuasua, mabadiliko yasubiri.

Hatua ya pili ni ukubwa wa windo. Kwa nyoka mchanga, panya awe na uzito wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa nyoka, na unene wake usizidi sana sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka. Chatu mwenye gramu 80, kwa mfano, anafaa kupewa panya wa gramu 8 hadi 12. Katika majaribio ya mwanzo ni afadhali windo liwe dogo kidogo kuliko kubwa.

Hatua ya tatu, ikiwezekana, ni panya aliyeuawa muda huohuo na ambaye mwili wake ungali na joto. Huyu ana harufu na joto la panya hai. Kilichokosekana ni mwendo tu. Mauaji hayo yafanywe na mtu mwenye ujuzi na kwa njia isiyomtesa mnyama. Asiyekuwa na ujuzi huo airuke hatua hii, maana nyoka wengi huhama moja kwa moja bila kuipitia.

Hatua ya nne ni panya wa kugandishwa aliyeyeyushwa na kupashwa joto. Atolewe jioni, taa zikiwa zimefifishwa, saa ambazo chatu huyu huwinda kwa maumbile yake. Mfugaji amshike panya kwa koleo ndefu, nyuma ya shingo au sehemu ya juu ya mkia, na kumsogeza polepole mbele ya maficho kama panya anayepita. Asimgonge nyoka usoni wala kumfuatafuata, kwa sababu chatu wa kifalme akiogopa hujikunja, na jaribio huishia hapo.

Nyoka akikamata na kuanza kubana, koleo liachiwe, na mfugaji asisogee. Kuvuta kidogo mkia wa panya kwaweza kumfanya nyoka abane kwa nguvu zaidi, lakini kelele au mwanga wa ghafla humfanya aache. Baada ya mlo asishikwe kwa muda wa saa 48.

Kuyeyusha panya kwa usalama

Njia bora ni kumtoa panya katika friza jioni iliyotangulia na kumweka ndani ya friji, akiwa amefungwa katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Asubuhi au mchana wa siku ya pili atakuwa ameyeyuka bila kuharibika. Mwenye haraka anaweza kuutumbukiza mfuko huo katika maji ya baridi.

Kabla tu ya kumlisha nyoka, mfuko uwekwe katika maji ya moto yasiyochemka kwa dakika chache, mpaka kichwa cha panya kifikie nyuzi 38 hadi 40. Kichwa ndicho kinachopaswa kuwa na joto zaidi, kwa kuwa ndiko nyoka hulenga. Tumbo la panya libonyezwe kwa kidole ili kuhakikisha kwamba hakuna barafu ndani. Windo lenye barafu katikati linaweza kumfanya nyoka atapike.

Oveni ya maikrowevu isitumiwe. Hupika sehemu moja na kuacha nyingine ikiwa baridi, na mwili wa panya waweza kupasuka. Panya aliyekwisha kuyeyushwa na kukataliwa asirudishwe katika friza.

Akikataa

Kukataa mara moja si kushindwa. Panya aachwe karibu na mlango wa maficho usiku huo, kasha lifunikwe kwa kitambaa, na asubuhi mabaki yatolewe. Nyoka asisumbuliwe kila siku kwa majaribio mapya. Apumzishwe siku 5 hadi 7, kisha ajaribiwe tena. Njaa ya wastani ni msaada kwa mfugaji mwenye subira.

Jaribio la pili likishindwa, harufu iongezwe. Panya aliyeyeyushwa akiwa angali mkavu awekwe kwa muda katika mfuko wenye matandiko yaliyotumiwa na panya hai. Njia nyingine ni kumpangusa panya kwa manyoya ya kifaranga. Jambo hilo lina msingi wake porini: utafiti uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa chatu wa kifalme wenye urefu chini ya sentimita 70 hula zaidi ndege wadogo, na wakikua hugeukia zaidi wanyama kama panya.

Wapo nyoka wanaokula vizuri wanapowekwa pamoja na panya aliyeyeyushwa katika kisanduku kidogo chenye giza na matundu ya hewa, kwa saa moja au mbili. Nafasi finyu huwapa utulivu kama wa shimoni. Hata hivyo kuwahamishahamisha huwatia wengine hofu, kwa hiyo njia hii ije baada ya nyingine.

Ikiwa majaribio matatu au manne yamepita na uzito unashuka, si aibu kumpa nyoka mlo mmoja wa namna aliyoizoea, chini ya uangalizi wa macho wakati wote, kisha kuanza upya baada ya wiki. Lengo ni nyoka mwenye afya, wala si kushinda mabishano naye.

Wakati wa kumwona daktari

Chatu wa kifalme aliyekomaa na mwenye afya anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, hasa katika msimu wa kuzaliana. Nyoka mchanga hana akiba hiyo. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, yaani gramu 8 kwa nyoka wa gramu 80, apelekwe kwa daktari wa wanyama mwenye ujuzi wa reptilia.

Dalili nyingine zisizopaswa kusubiriwa ni ute mdomoni au puani, kupumua kwa sauti, mdomo uliovimba, kinyesi chenye damu na kutapika zaidi ya mara moja. Nyoka aliyetapika apumzishwe siku 10 hadi 14 kabla ya kupewa windo dogo zaidi, na joto la kasha likaguliwe upya.

Kumlisha kwa nguvu, kwa kumfungua mdomo na kumsukumia chakula, ni kazi ya daktari au mtu aliyefundishwa. Ikifanywa ovyo huumiza mdomo na umio, na humzidishia nyoka hofu ya chakula.

Usafi wa mikono na wa jiko

Panya wa kugandishwa anaweza kubeba bakteria wa salmonela, na nyoka mwenyewe pia. Kati ya mwaka 2008 na 2010, mamlaka za afya za Uingereza na Marekani zilihusisha milipuko ya salmonela kwa binadamu na panya waliogandishwa kwa ajili ya kulishia reptilia. Wengi wa walioathirika walikuwa watoto. Baridi ya friza huwalaza bakteria hao, lakini haiwamalizi.

Kwa sababu hiyo panya hao wahifadhiwe katika chombo kilichofungwa, mbali na chakula cha binadamu, na ikiwezekana katika friza yao wenyewe. Bakuli, koleo na mzani vitengwe, na visioshwe mahali panapooshewa vyombo vya kulia. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa panya, nyoka au kasha. Watoto wenye umri chini ya miaka 5, wazee na watu wenye kinga dhaifu ya mwili wasishiriki katika kazi hiyo.

Sheria katika nchi zetu

Katika Afrika Mashariki nyoka ni wanyamapori wanaolindwa na sheria. Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Uganda, ambako chatu wa kifalme huishi porini, ina Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019. Katika nchi zote tatu, kumkamata, kumfuga au kumsafirisha mnyama wa porini bila kibali ni kosa.

Wanaopenda kuwaona nyoka kwa karibu wanaweza kufika katika vituo vinavyowaonyesha kwa umma, kama bustani ya nyoka ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, Meserani karibu na Arusha, au kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe. Anayemkuta chatu shambani au nyumbani amwache apite, au aziarifu mamlaka za wanyamapori. Nyoka huyo hana sumu, na panya anaowala huko ni walewale wanaoharibu nafaka ghalani.